Stendi ya darubini kwa mlango wa Sabaki: kichwa cha gololi au kichwa cha mafuta?

Kitwitwi wa Sabaki

Assalam aleykum, na hamjambo nyote. Kikundi chetu cha vijana wanaowaongoza wageni kutazama ndege hapa mto Sabaki unapoingia baharini, karibu na Malindi, kimepata darubini ya jicho moja, na sasa tunatafuta stendi ya kuiwekea. Jamaa yangu atashuka kutoka Nairobi Ijumaa ijayo, naye amekubali kutununulia huko na kuja nayo. Tumebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni stendi ya alumini yenye kichwa cha gololi, yaani kiungo cha juu cha kushikia darubini kinachozunguka kila upande juu ya tufe moja; hiyo tunaimudu bila kukopa. Ya pili ni miguu ya kaboni yenye kichwa cha mafuta, ambacho mafuta mazito ndani yake hulainisha mwendo, kama kile wanachotumia wapiga video, ambayo bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Ningependa kusikia kutoka kwa waliotumia vyote viwili, na pia kujua ni vifaa gani vingine vya lazima.

Fundi wa Lenzi

Waaleykum salaam. Umeuliza vizuri, lakini nusu ya habari umebaki nayo mwenyewe. Darubini ina uzito gani, na kioo chake cha mbele kina kipenyo cha milimita ngapi? Jicho lake la kutazamia limenyooka au limepinda? Kitako chake, yaani sehemu ya chini inayokaa juu ya stendi, kina upana gani, na kina tundu moja la skrubu au mawili? Mtaibeba kwa miguu, kwa bodaboda au kwa mashua? Darubini ya milimita 65 unaweza kuiweka juu ya stendi hafifu ukasamehewa, ilhali ya milimita 85 itakuonyesha kila udhaifu wa kile ilichokalia.

Mambrui Kwetu

Mimi nitasema kabla hajajibu: chukueni kaboni. Wakati wa kusi, pale mlangoni hakuna mti wala ukuta wa kukinga upepo, na miguu ya alumini hutetemeka kwa muda mrefu kila inapopigwa. Kaboni nayo hutetemeka, lakini hutulia upesi. Tena chumvi haiili kaboni, ilhali alumini iliyoshikwa na skrubu za chuma huanza kutoa unga mweupe pale vyuma viwili vinapokutana, na siku moja utataka kufungua skrubu ukute imegandana.

Kitwitwi wa Sabaki

Niwieni radhi kwa kuacha hayo. Kioo cha mbele ni cha milimita 80, ukuzaji ni wa mara 20 hadi mara 60, na jicho limepinda kwa nyuzi 45. Niliiweka kwenye mizani ya dukani ikatoka kilo 1.7. Tutaitumia zaidi Sabaki, tukishuka darajani na kumalizia kwa miguu mchangani, na mara mojamoja tutaipeleka kwenye hori la Mida kwa bodaboda.

Mwongozaji wa Mida

Ndugu yangu, kwa kuwa umeitaja bodaboda na umekitaja kichwa cha gololi, niruhusu nieleze yaliyonipata, kwa sababu sipendi yakufike.

Nilikuwa na wageni wanne kwenye lile daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko. Darubini yangu ilikuwa ya kipimo hicho hicho cha milimita 80, juu ya kichwa cha gololi, na bamba lake, kile kipande bapa kinachounganisha kitako na kichwa, lilishikwa na skrubu moja tu ya robo inchi, bila kijipini cha kuzuia kitako kisizunguke. Nilikuwa nimekuja na bodaboda kutoka Gede, darubini ikiwa tayari imefungwa kwenye kichwa, na mtikiso wa njiani ulikuwa umeilegeza skrubu bila mimi kujua. Maji yalikuwa yamekupwa, na wale ndege weusi kwa weupe wanaokula kaa walikuwa wamejaa kwenye fungu. Nikalegeza gololi kidogo ili mgeni afuate kundi lililoruka. Gololi haina mwelekeo. Ukiilegeza inakwenda popote, na darubini yenye kioo kizito mbele huinamia mbele. Ilipoinama ghafla, kitako kikajizungusha kwenye skrubu, na darubini ikachomoka mbele ya macho yetu, ikapiga ubao na kutumbukia kwenye tope.

Niliposhuka kuiokota nilifanya kosa la pili, ambalo linaniuma zaidi hata kuliko la kwanza: nilikifuta kioo kwa leso kabla ya kukisuuza kwa maji baridi ya kunywa, nikausugua mchanga juu ya rangi ya kinga ya kioo. Mikwaruzo ile ipo mpaka leo. Kisha nikaipeleka kwa fundi, jina lake nalihifadhi, akaifungua kuikausha na kuifunga bila kurudisha mipira ya kuzuia maji wala ile hewa kavu ya naitrojeni inayotiwa kiwandani. Masika yalipofika, kuvu ikatambaa ndani ya vioo kama utando wa buibui. Nilipoteza darubini nzima kwa kuokoa bei ya kichwa.

Dada wa Shela

Pole sana, kaka. Hata hivyo nadhani tunaionea gololi. Kosa lilikuwa ni skrubu moja na kubeba chombo kikiwa kimefungwa juu ya stendi, na kichwa cha mafuta chenye bamba la namna hiyo kingeiangusha vilevile. Mimi hutumia gololi nzito yenye bano la mtindo wa Arca-Swiss, lenye mfereji wa kutelezeshea, na kitako cha darubini yangu huteleza moja kwa moja ndani ya bano bila bamba la kati. Kinachopungua kati ya darubini na miguu ndicho kinachopunguza kulegea.

Fundi wa Lenzi

Dada, kuhusu bamba tuko pamoja. Kuhusu gololi sikubaliani nawe, kwa sababu mtazama ndege hafanyi kazi ya mpiga picha wa mandhari. Yeye husogeza darubini pole kulia na kushoto juu ya fungu lenye mamia ya vitwitwi, na gololi ikisogezwa kulia huinamisha pia upeo wa macho. Kichwa cha mafuta hutenganisha mwendo wa kando na wa juu na chini, na ukikiachia mkono kinabaki pale pale, mradi umeisogeza darubini mbele au nyuma hadi uzito ulingane. Kitwitwi, jicho lililopinda linakusaidia: wageni warefu na wafupi watatazama bila kupandisha nguzo ya kati, ile inayoinuka katikati ya miguu mitatu. Nguzo ya kati iacheni chini daima, kwa kuwa ukiipandisha umeiweka darubini juu ya mguu mmoja.

Mambrui Kwetu

Naongeza kuhusu vifungio vya miguu. Vile vya kuzungusha hula mchanga, na vya klipu huonekana vikiwa vichafu hivyo ni rahisi kuvisafisha. Vyovyote mtakavyochukua, mkifika topeni fungueni kwanza kipande cha chini kabisa, ili kifungio kikae juu ya matope na maji ya chumvi. Watu wengi huanza na vipande vya juu kwa kuwa ni vinene, wakavizamisha vifungio vyote. Mkirudi, suuzeni miguu kwa maji matamu na muianike ikiwa imefunguliwa.

Mzee wa Casuarina

Wanangu, mnazungumza kana kwamba mtatazama kwa mara 60 mchana kutwa. Pale Sabaki, ikifika saa nne asubuhi mchanga huanza kutoa mvuke wa joto, na zaidi ya mara 30 unaona ndege wakicheza kama wako chini ya maji. Hakuna stendi inayotibu hilo. Kwa mara 60 kioo cha milimita 80 hukupa mwanga wa upana wa milimita 1.3 tu machoni, kwa hiyo alfajiri pia ni giza. Kama fedha ni chache, nunueni kichwa kizuri na miguu ya alumini iliyo nzito. Uzito wenyewe ni dawa ya upepo.

Dada wa Shela

Mzee, shikamoo. Uzito ni dawa hadi utakapoubeba mchangani kwenda na kurudi. Mfuko wa mchanga ukitundikwa chini ya miguu ya kaboni hufanya kazi hiyo hiyo, lakini uguse ardhi kidogo, maana ukining'inia hewani upepo huufanya pembea.

Kitwitwi wa Sabaki

Marahaba kwa nyote, na shikamoo Mzee. Wenzangu wawili wameshawishika na kichwa cha mafuta juu ya alumini, mmoja bado anataka kaboni na gololi nzito. Je, adapta ya simu ni ya lazima? Wageni huiulizia sana.

Mwongozaji wa Mida

Si ya lazima, nayo huongeza uzito upande wa jicho na kuvuruga mizani. Fedha hiyo nunulieni gamba la kitambaa la kuivika darubini, pampu ndogo ya kupulizia mchanga, na chembe za kunyonya unyevu za kuweka sandukuni.

Fundi wa Lenzi

Ninacho kichwa cha mafuta cha zamani hapa kazini. Njoo na darubini kesho baada ya alasiri, tuijaribu kabla jamaa yako hajalipa. Lakini bado hujatuambia upana wa kitako, wala kama tundu ni moja au mawili.