Mshauri wa vyuo vya Marekani kala hela ya dada yangu, kampotezea mtoto mwaka mzima, sasa hapokei simu

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu mnivumilie, nina hasira na nikisema nifupishe nitaacha mambo ambayo mzazi mwingine anatakiwa ayajue kabla hajatoa hata mia yake.

Mpwa wangu kamaliza form six PCB, matokeo ya Julai yakatoka ana wani ya pointi 4. Mama yake, dada yangu wa tumbo moja, ni fundi cherehani Tabata, mtoto kasoma kwa hela ya kushona sare za shule basi. Watu wakamwambia kuna mshauri binafsi anasimamia familia kuanzia kuchagua chuo mpaka viza ya Marekani. Akaenda. Akapewa mkataba wa milioni 3 na nusu, akaambiwa "mama ondoa wasiwasi, mtoto wa wani hakosi ufadhili wa asilimia mia". Hela kakopa kikoba na riba bado anailipa mpaka leo ninapoandika.

Cha kwanza alichofanya yule bwana ni kumkataza mtoto asiombe chuo chochote cha hapa wala mkopo wa Bodi, eti faili litachanganyika. Jamani, chuo cha huko Iowa, Marekani, kinajua nini kuhusu maombi yako ya Muhimbili? Hakuna kitu kama hicho. Alitaka tu mtoto asiwe na pa kwenda pengine. Dirisha la maombi la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) likafunguliwa likafungwa, mtoto wa wani ya 4 yuko nyumbani anasubiri.

Akaunti ya Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vya Marekani, akafungua yeye. Barua pepe ya mtoto akatengeneza yeye, paswedi anayo yeye peke yake. Kufungua hiyo akaunti ni bure kabisa na unaweza kuomba vyuo mpaka 20 humo humo, ila dada yangu alilipishwa "ada ya mfumo". Halafu akalipishwa dola 75 kwa kila chuo, na kwenye orodha wamo Grinnell, Colby na Smith ambao hawachaji hata senti ya maombi!! Na hivyo vingine vinavyochaji, mtoto wa familia isiyo na uwezo anaomba msamaha wa ada na mara nyingi anapewa. Hela yote hiyo ilienda mfukoni mwa mtu.

Kilichoniuma kuliko hela ni insha. Ile insha ya maombi, isiyozidi maneno 650, ndo sehemu kuu ya mtoto kujieleza yeye mwenyewe kwa watu wa udahili. Binti alikuwa ameandika ya kwake, mimi nimeisoma. Kaeleza alivyokuwa anamsaidia mama yake kuandika daftari la vipimo vya wateja, akaona kuna mama mmoja kila akija kushona kiuno kimepungua, akamwambia mama yake, wakamshawishi yule mama aende hospitali, akakutwa na sukari. Ndo maana anataka kusoma udaktari. Mtoto kaandika kwa mkono wake, kwa akili yake. Mshauri kaifuta yote, kaandika nyingine kwamba binti alikuwa anatembea peku kilomita 12 kwenda shule, anasomea kibatari, na mama yake hajui kusoma wala kuandika. Dada yangu ni katibu wa kwaya! Mtoto kauliza mbona hii siyo mimi, akajibiwa wazungu wanapenda hivyo, nyamaza.

Na kabla maombi hayajatumwa mwombaji anathibitisha kwa jina lake kwamba kila kilichomo ni kazi yake na ni kweli, chuo kikigundua uongo kinaweza kufuta udahili hata kama ulishaanza masomo. Jina lililothibitisha ni la mtoto, la mshauri halipo popote.

Mwezi wa tatu nikaona hakuna jibu lolote la maana nikaenda ofisini kwao mimi ndo mjomba mtu, nikakaa pale mpaka kijana wao mmoja akanipa paswedi ya ile barua pepe. Nilichokikuta humo nilitetemeka. Vyuo viwili vilikuwa vimeandika kuanzia Januari vinaomba fomu ya CSS Profile, ile ya kueleza hali ya fedha ya familia, na uthibitisho wa kipato cha mzazi ili vimfikirie msaada wa fedha, vikakumbusha, vikakumbusha tena, kimya, mpaka siku ya mwisho ikapita. Meseji hazijafunguliwa. Mtu umelipwa milioni 3 na nusu unashindwa kufungua barua pepe?

Ila kuna chuo kimoja kilimkubali. Hicho hakikuwa kwenye orodha ya mtoto, kakiweka mshauri. Barua inasema gharama ya mwaka ni dola 38,000 na wamempa punguzo la dola 6,000. Jamaa akachukua picha ya mtoto akaiweka kwenye ukurasa wake kwamba amepata skolashipu Marekani, watu wanampongeza dada yangu sokoni, na dola 32,000 kwa mwaka fundi cherehani anazitoa wapi?

Nikajiuliza kwa nini chuo hiki. Nikaingia tovuti yao, ofisi ya huyu bwana ipo kwenye orodha ya mawakala wao. Nikawaandikia, wakanijibu vizuri tu kwamba wakala wanamlipa asilimia ya ada ya mwaka wa kwanza kwa kila mwanafunzi atakayemleta. Yaani huyu analipwa na mama na analipwa na chuo, na mkataba wa mama hausemi neno moja kuhusu komisheni. Huyo ni dalali anayekula kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji. Sheria ya Marekani inakataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali yao kulipa komisheni kwa kichwa cha mwanafunzi, ila wakaacha mwanya kwa wanafunzi wa kigeni wanaoishi nje. Watoto wetu ndo wanauzwa kwenye huo mwanya.

Na bado. Nilipombana kuhusu hizo dola akaniambia nisihofu, kwa laki 8 nyingine anatengeneza taarifa ya benki ionekane familia ina hela, chuo kitoe I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, mtoto aende nayo ubalozini. Wakuu, ukikamatwa na karatasi ya uongo kwenye viza ya Marekani unaweza kufungiwa maisha kuingia Marekani. Binti wa wani ya 4, afungiwe maisha yake yote kwa ajili ya laki 8 ya mtu.

Msiniambie haya ni ya Wabongo tu. Mwaka 2019 kule kule Marekani alishtakiwa mshauri wa aina hii baada ya uchunguzi wa FBI, anaitwa Rick Singer, alikuwa anafanyia matajiri mitihani ya uongo na wasifu wa michezo wa uongo, 2023 akahukumiwa miaka mitatu na nusu jela. Wakubwa walishughulikiwa, wa kwetu huku anafungua tawi.

Kwa mzazi yeyote anayesoma: EducationUSA ni ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, wapo Dar, ni bure. Wangemwambia dada yangu siku ya kwanza kwamba vyuo vingi vya kule vinaangalia uwezo wa kulipa wa mwanafunzi mgeni kabla ya kumkubali, na vile visivyoangalia kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni vichache na vigumu kuingia kweli kweli, kwa hiyo chuo cha nyumbani omba pia. Maneno hayo matatu tu yangeokoa mwaka wa mtoto.

Sasa hivi simu hapokei, wasap tiki mbili za bluu, ofisini ukienda "bosi kasafiri". Mkataba ninao, risiti za M-Pesa ninazo, insha zote mbili ninazo, barua ya chuo ya komisheni ninayo. Wiki ijayo naenda TCU kuuliza kama huyu ni wakala waliyemsajili, halafu polisi kwa ile ya taarifa ya benki. Kuhusu kudai hela irudi kuna mwanasheria humu anishauri, nianzie Mahakama ya Mwanzo au kuna njia nyingine? Na kama kuna mzazi mtoto wake yupo kwenye ofisi ya namna hii na ameshapewa karatasi za benki, tafadhali asiende nazo ubalozini, njoo inboksi tuungane kwenye hii kesi.