Mjadala: Je, Hollywood iachane na filamu za dola milioni 200?

Mchambua Picha (mleta mada)

Wadau, mada yenyewe ni hii. Mwaka 2019 Warner Bros. walitoa Joker kwa bajeti isiyozidi dola milioni 70, ikaingiza zaidi ya bilioni 1. Mwaka 2024 studio ileile, mwongozaji yuleyule Todd Phillips, mwigizaji mkuu yuleyule, wakatoa mwendelezo kwa bajeti iliyoripotiwa kati ya milioni 190 na 200. Dunia nzima ukaingiza kama milioni 207.

Msimamo wangu: bajeti ya milioni 200 ni mzigo ambao studio haina sababu ya kuubeba. Kwa fedha hizo unapata filamu nne za milioni 50, na moja ikishika inalipia tatu zilizobaki. Get Out ya 2017 iligharimu milioni 4.5 ikaingiza milioni 255. Anayepinga aje na hesabu, asije na mapenzi ya mashujaa.

Karani wa Tiketi

Mkuu, kabla hatujafika mbali tuweke hesabu sawa. Ukisoma kwamba filamu imeingiza milioni 500, hizo ni fedha za mlangoni, na mwenye ukumbi anakata chake humohumo. Marekani na Kanada studio inabaki na karibu nusu, kwa filamu kubwa huzidi kidogo. Nchi nyingine nyingi ni kama asilimia 40. China ni asilimia 25.

Chukua filamu ya mfano. Kuitengeneza hadi ikamilike, milioni 200. Matangazo na usambazaji, milioni 120, ambalo ni kadirio la kawaida kwa filamu ya ukubwa huo. Umeshatoa 320. Sasa imeingiza 500: Marekani na Kanada 200, China 50, kwingineko 250. Mgawo wa studio ni 100, na 12.5, na 100. Jumla 212.5. Limebaki pengo la milioni 107.5 la kuzibwa na mauzo ya televisheni, ya mtandaoni na ya midoli. Na hapo bado hujamlipa nyota mwenye mkataba wa asilimia ya mapato ghafi, ambaye analipwa hata kama studio haijarudisha mtaji wake.

Ile kanuni inayotajwa kila mahali, kwamba filamu ikiingiza mara mbili na nusu ya bajeti yake imerudisha gharama, inachukulia kwamba mapato ya baadaye yataziba pengo hilo. Kwa mlangoni peke yake haitoshi, hasa fedha nyingi zikitoka nje ya Marekani. Warcraft ya 2016 ilitengenezwa kwa milioni 160 na ikaingiza kama 439 duniani, kwa hiyo kwa kanuni hiyo ilivuka. Lakini zaidi ya milioni 200 zilitoka China, na Marekani yenyewe haikufika 50. Robo ya 200 ni 50. Hesabu ikagoma.

Ila hata zile filamu zako nne za milioni 50, mkuu, hazitangazwi kwa bei ya moja. Kila moja inataka trela zake, mabango yake, nafasi zake za televisheni, safari za waigizaji wake. Ukitenga milioni 60 kwa kila moja umefika 240 za matangazo, mara mbili ya filamu moja kubwa. Hapo ndipo mpango wa "nne kwa moja" unapovuja, na sioni watu wakiusema.

Fundi Mitambo

Hesabu ya Karani sina ugomvi nayo. Nabishana na mleta mada, kwa sababu filamu nyingi za milioni 200 zilianza zikiwa na bajeti ndogo kuliko hiyo, zikasukumwa huko na uzembe wa mpangilio.

Inakuwa hivi. Studio inatangaza tarehe ya kutoka miaka miwili kabla skripti haijaiva. Watu wanaingia kupiga picha mbele ya pazia la bluu bila kuamua nyuma ya mwigizaji kutakuwa na jiji, msitu au sayari. Filamu inaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, wanasema mwisho haueleweki. Basi wanarudi kupiga picha upya kwa wiki kadhaa: waigizaji waitwe tena kutoka kazi nyingine, seti zilizobomolewa zijengwe, na kazi ya kompyuta iliyokwisha kulipiwa itupwe.

Hiyo ya kompyuta ndiyo inayokula zaidi. Tazama kipande kimoja cha sekunde nne, shujaa anatua na joho lake. Kwanza umbo lake linachongwa kwenye kompyuta, halafu linapewa mwendo, halafu kitambaa cha joho kinakokotolewa jinsi kinavyopeperuka, halafu taa, mwisho matabaka yote yanaunganishwa na picha halisi. Mkurugenzi wa studio akisema rangi ya joho ibadilishwe, unarudi hatua moja au mbili. Akisema joho liwe fupi, unarudi kwenye kuchonga umbo, na kila kilichofuata kinafanywa upya. Zidisha kwa vipande elfu mbili, tarehe ya kutoka haisogei, kampuni za madoido zinakesha kwa malipo ya ziada. Fedha zinaisha na kwenye skrini huzioni.

Linganisha na Godzilla Minus One ya 2023. Takashi Yamazaki aliiongoza na yeye mwenyewe akasimamia madoido, akiwa na wasanii 35 na vipande 610. Bajeti chini ya milioni 15, mapato zaidi ya milioni 100, na Oscar ya madoido juu yake. Anayeamua alikuwa ofisi moja na anayetenda. Kosa likionekana asubuhi, linarekebishwa kabla halijafika kwenye taa.

Mchambua Picha

Fundi, mfano wa Japani hausafiri vizuri. Mishahara ya kule si ya Los Angeles, na huko hakuna mikataba ya vyama vya wafanyakazi kama ya Hollywood. Hata ukiondoa marudio yote, filamu hiyohiyo Marekani isingetoka kwa milioni 15.

Fundi Mitambo

Isingetoka, nakubali. Ingetoka pengine kwa mara tatu au nne ya hapo, na bado tungekuwa mbali sana na 200. Ninachotetea ni ule utaratibu wa kuamua mapema.

Bi Kiingilio

Mnazungumza kama studio ndizo peke yake zinazoishi kwa filamu. Mimi nasimama upande wa kumbi. Mwaka 2019 Marekani na Kanada ziliuza tiketi za takriban dola bilioni 11.4. Mwaka 2024 ni kama bilioni 8.7. Mgomo wa waandishi na wa waigizaji wa 2023 uliacha ratiba ya mwaka uliofuata na mashimo, na ukumbi wenye shimo la wiki tatu bado unalipa pango, umeme na wafanyakazi. Bisi na soda, ambako ndiko faida ya ukumbi iliko, haziuziki kama hakuna aliyeingia. Filamu nne ndogo hazijazi ukumbi wa viti 400 siku ya Jumanne. Ile kubwa inajaza.

Lakini kubwa nayo ina masharti yake. Kwa The Last Jedi ya 2017, Disney waliripotiwa kutaka asilimia 65 ya mapato, na filamu ikae kwenye ukumbi mkubwa kuliko yote kwa wiki nne. Kwa jengo lenye skrini kumi hilo linavumilika. Mwenye skrini moja kwenye mji mdogo, wiki ya tatu watu wote wa mji wameshaitazama na haruhusiwi kuiondoa. Hapo ndipo ninapowalaumu studio: wanamhamishia mwenye ukumbi hatari ya bajeti yao.

Na kuna hili la muda. Zamani filamu ilikaa kumbini siku kama 90 kabla ya kufika nyumbani. Julai 2020 studio ya Universal na AMC, kampuni ya kumbi, walikubaliana siku 17. Studio inafurahia kwa sababu kwenye kukodisha nyumbani inabaki na kama asilimia 80 badala ya nusu. Mtazamaji naye amejifunza kusubiri. Top Gun: Maverick ilitoka Mei 2022 na haikuuzwa nyumbani hadi Agosti, ikaingiza karibu bilioni 1.5. Msiniambie kwamba zile wiki hazikuchangia.

Karani wa Tiketi

Dada, kwa filamu watu wanayoipenda, zilichangia. Kwa iliyokataliwa, siku 90 hazisaidii kitu. Kipimo ni wikendi ya pili. The Marvels ilifungua na milioni 46 Marekani na Kanada, wikendi ya pili ikaporomoka kwa asilimia 78. Mwendelezo wa Joker ulishuka kwa 81. Ukiona zaidi ya 65 ujue waliokwenda wamewaambia wenzao wasiende. Elemental ya Pixar, mwaka uleule wa The Marvels, ilifungua vibaya sana, kama milioni 29.6, magazeti yakaizika. Wikendi ya pili ikashuka kwa chini ya asilimia 40, wiki baada ya wiki ikang'ang'ania, ikamaliza na zaidi ya milioni 150 Marekani na Kanada na karibu 500 duniani. Kama ingeondolewa mapema, hizo fedha zisingepatikana.

Mchambua Picha

Zote hizo zinaonyesha kwamba mwenye milioni 200 anategemea bahati ya wiki ya pili. Heaven's Gate ya 1980 ilipangwa kwa chini ya milioni 12, ikafika kama 44, Marekani ikaingiza kama 3.5. Mwaka uliofuata United Artists ikauzwa kwa MGM. Filamu moja iliidhoofisha studio iliyoanzishwa mwaka 1919. Mwenye filamu nne hafiki huko.

Fundi Mitambo

Na Titanic? Ilipita bajeti mpaka milioni 200, ikashindwa kuwahi Julai 1997. Badala ya kuilazimisha, waliisogeza hadi Desemba wakamaliza kazi. Ikafungua na milioni 28.6 tu, kisha ikaongoza wikendi 15 mfululizo na kuingiza bilioni 1.84 katika awamu ya kwanza. Paramount, waliochukua haki za Marekani, walikuwa wameweka kwenye mkataba kwamba mchango wao hauvuki milioni 65. Fox walichukua haki za nje ya Marekani pamoja na kila dola iliyozidi.

Mkuu, kifungu cha namna ile ndicho ningekidai kabla ya kuidhinisha filamu yoyote kubwa: kikomo kilichoandikwa, mshirika wa kubeba ziada, na tarehe inayoruhusiwa kusogea mara moja bila faini. Kwa masharti hayo mimi naisaini hiyo milioni 200. Wewe je?

Mchambua Picha

Kwa masharti hayo, moja kwa mwaka. Si tano.