Tabianchi za kale zinatufaa nini tunapochunguza mifumo ya ikolojia ya leo?

Mwuliza swali:
Habari zenu wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma kuhusu joto kali lililoikumba dunia takriban miaka milioni 56 iliyopita, lilipopanda kwa nyuzi 5 hadi 8 za selsiasi. Kwa kuwa viumbe wengi wa zama zile si hawa tulio nao, na binadamu hakuwapo, je, ni halali kuutumia ushahidi huo kukadiria yatakayoipata misitu na bahari zetu?

Jibu la kwanza:
Ni halali, mradi tusitafute pacha wa leo katika zama hizo, bali tutafute namna viumbe wanavyoitikia joto. Visukuku vya bonde la Bighorn, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, vinaonyesha kwamba farasi wa mwanzo, ambao tayari walikuwa wadogo mno, walipungua mwili kwa takriban asilimia 30 joto lilipopanda, kisha wakaongezeka tena lilipoteremka. Majani ya kipindi hicho nayo yana alama nyingi zaidi za kutafunwa na wadudu. Katika vilindi vya bahari hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana spishi nyingi za foraminifera, viumbe wa seli moja wenye magamba, zilitoweka kabisa.

Jibu la pili:
Naongezea ushahidi wa karibu zaidi, ambao kwangu ndio wenye uzito mkubwa. Chavua inayotua ziwani huzikwa katika matope, tabaka juu ya tabaka, na anayeisoma huona kwamba barafu ilipoyeyuka Amerika Kaskazini mwishoni mwa zama za barafu, msitu haukuhama kama kundi moja. Kila aina ya mti ilishika njia yake na mwendo wake, hata ikatokea michanganyiko ya miti ambayo leo haipo popote. Kwa hiyo anayehifadhi msitu akitarajia spishi zake zote zihame pamoja anatarajia jambo ambalo matope hayo hayalithibitishi.

Mwuliza swali:
Nashukuru sana. Nilikuwa nikiufikiria msitu kama kitu kimoja. Vipi kuhusu kasi ya mabadiliko yenyewe?

Jibu la kwanza:
Hapo ndipo tofauti ilipo. Kaboni ya zama zile iliingia hewani kwa muda wa maelfu ya miaka, ilhali yetu inaingia kwa karne chache tu, na mbegu inayotafuta makazi mapya sasa hukutana na mashamba, barabara na miji.