Madaktari wa kujitolea kimbunga kikipiga Kusini: waje tu, au wawe wamejiandikisha kwanza?

Mleta mada (Mtwara)

Wadau wa Kusini habarini. Juzi kwenye kikao cha mtaa hapa kwetu watu nusura wagombane, kuna mzee kasema siku kimbunga kikitupiga timu yoyote ya madaktari wa kujitolea ishuke tu, iwe ya Dar iwe ya nje, habari za vibali tutajuana mbele ya safari. Mi nilipinga pale na napinga hapa, nisikilizeni kwanza kabla hamjasema nina roho mbaya.

Kimbunga Hidaya Mei 2024 mnakumbuka barabara ya Dar ilikatika kule Somanga, mabasi na malori yakalala porini, aliyetaka kuja huku azunguke Songea, Tunduru mpaka Masasi. Sasa huyo daktari na maboksi yake anafika siku ya ngapi? Aliyeangukiwa na mnazi keshatolewa na majirani, kabebwa na bodaboda, kashonwa na nesi wa zahanati. Hao ndo timu yetu ya kwanza na hatuwapi kitu.

Halafu Haiti. Tetemeko la Januari 12, 2010 timu zilimiminika kutoka dunia nzima, zingine hodari kweli na ziliokoa watu wengi, ila zingine zilikuja hata maji ya kunywa hazina, zikaanza kugombania na wenyeji kile kidogo kilichobaki, watu wakakatwa miguu na timu ikaondoka bila kuacha karatasi inayoonyesha nani kafanyiwa nini. Ndo WHO mwaka 2013 wakatoa viwango, baadaye wakaviboresha: timu ndogo ya kuhamahama iweze kuona wagonjwa wa nje 50 kwa siku, yenye kambi 100, inayopasua iwe na vitanda 20 na iweze operesheni kubwa 7 au ndogo 15 kwa siku. Ije na maji yake, chakula chake, mafuta ya jenereta yake, taka zake ijue itazipeleka wapi, na ikifika iripoti kwa wizara ya nchi husika ipangiwe pa kwenda. Hayo mi ndo nataka, sio kumfukuza mtu.

Mdau wa Kilwa

Mkuu unaongea ukiwa pakavu. Sisi maji yalipotuzunguka hatukuuliza anayekuja ana leseni ya wapi, tulitaka mtu. Mama uchungu umempata, mtoto kalala vibaya, anahitaji kupasuliwa, barabara hamna, wewe unasubiri barua kutoka Dodoma? Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilivyokuja mpaka shule na ofisi za Mtwara zikafungwa watu wakaambiwa wakimbilie sehemu salama, kikaishia kwa wenzetu Cabo Delgado, Msumbiji. Kingetua Mtwara mjini na hospitali ikaezuliwa, hao manesi unaowasifia wangepasulia wapi? Timu yenye mahema na daktari wa upasuaji ndo inatakiwa, na itakiwe haraka. Mambo ya makaratasi yanaua watu.

Nesi wa zahanati, Lindi vijijini

Kaka zangu nyie mnabishana mi nimeyaona yote mawili. Mto ulivyofurika kwetu nyumba yangu mwenyewe iliingia maji, nikahamia zahanati na wanangu, siku tatu silali. Ikaja timu moja, siku mbili tu, wakawapa wazee vidonge vya presha vya aina nyingine kabisa na kwenye kadi hawajaandika kitu, wameondoka wazee wanakuja wanadai "dawa ile ya wageni" mi sinayo, na ile yangu hawaitaki tena. Wameacha maboksi yana maandishi siwezi kuyasoma, mengine muda umeshapita, na dawa huwezi kuchoma nyuma ya jengo hivi hivi.

Ila humo humo kulikuwa na dada mmoja mkunga. Yeye alifika akaniuliza, mwenzangu nikusaidie nini, nikamwambia nishikie zamu ya usiku nilale. Akashika usiku wote miwili, wamezaliwa watoto wawili na vyote kaandika kwenye rejista. Yule nikimuona leo nampigia magoti.

Na mjue wagonjwa wa mafuriko wengi sio wa kupasuliwa. Ni kuhara, ni malaria, ni kidonda cha bati, ni mtu ARV zake zimesombwa na maji. Beira kule Msumbiji kimbunga Idai kilipiga usiku wa Machi 14, 2019, kipindupindu kikathibitishwa tarehe 27. Wiki mbili karibu! Aliyekuja siku mbili akaondoka hilo halimkuti.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Kilwa hapo kwa mama mjamzito umenishika, nakubali, siku ya tukio hakuna wa kusubiri barua. Basi tuandikishane kabla ya masika: majina ya madaktari wa kujitolea na leseni zao za Baraza la Madaktari yawe tayari kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, simu ikipigwa wanajua wanaripoti kwa nani, na anayepasua asiondoke mpaka awe amekabidhi wagonjwa wake. Sheria ya maafa ya 2022 tunayo, kamati za maafa mpaka vijijini zinatakiwa ziwepo, tuanzie huko. Na vifaa viwekwe huku huku, ng'ambo hii ya Rufiji, visisubiri Somanga ipitike.

Dada nesi, ukipewa kontena moja leo utaweka nini?

Nesi wa zahanati, Lindi vijijini

Dawa ya kutibu maji, ORS nyingi, dripu, vipimo na dawa mseto ya malaria, sindano ya pepopunda, glovu na vifaa vya kujifungulia, ARV na dawa za presha na sukari za miezi mitatu, tochi za sola, magodoro mawili ya watumishi. Na namba ya yule mkunga.