Justice League ya 2017: timu ya nini kama Superman anamaliza kazi peke yake?

Wakuu, jana usiku nimeirudia Justice League ya 2017, muvi ya timu ya mashujaa (Superman, Batman, Wonder Woman, Flash, Aquaman na Cyborg), na nimelala na hasira. Nilijipa moyo kwamba labda mara ya kwanza nilikuwa na matarajio makubwa mno, safari hii niitazame kwa moyo mweupe. Wapi! Bora ningelala mapema.

Naanza na kilichonichoma kuliko vyote, pambano la mwisho. Flash, yule wa mbio za ajabu, anasukuma gari lenye familia moja ili kuitoa kwenye hatari. Anahema, uso umemjaa furaha kama mtoto aliyefunga goli lake la kwanza. Anageuza shingo, anamwona Superman anakatiza amebeba jengo zima la ghorofa na watu wake ndani. Ni utani, na hata mimi nilicheka. Ila utulie uutazame vizuri utani huo, maana muvi nzima imejisema yenyewe hapo bila kujua. Steppenwolf, adui mkuu, amewatoa jasho watu watano wazima, Superman akitokea tu anachapwa kama mtoto mtukutu. Shoka lake linagandishwa kwa pumzi, Wonder Woman analivunja kwa upanga, imeisha hiyo. Sasa wengine tuliwakusanya wa nini? Muvi ya timu ina sharti moja tu: ukimtoa mmoja, kazi ikwame. Hapa stelingi ni mmoja, waliobaki ni wasindikizaji.

Na msiniletee habari za The Avengers ya 2012 kwamba nayo ilikuwa na utani. Ile ilitanguliwa na muvi tano, tangu Iron Man ya 2008. Watu wakubwa wa timu tulikuwa tunajua ugomvi wao, kiburi chao, hata wanaogopa nini. Huku Aquaman, Flash na Cyborg tuliwahi kuwaona kwa vipande vifupi tu, hasa vya video kwenye kompyuta katika Batman v Superman. Yaani hii ndiyo ilipaswa kututambulisha kwao, halafu hiyo hiyo ikabanwa itoke na dakika 120. Unapelekwa msibani kwa mtu usiyemfahamu, ukifika unaambiwa lia.

Aliyeumizwa zaidi ni Cyborg wa Ray Fisher. Kijana kapoteza mama na mwili wake, baba yake mwenyewe ndiye aliyemgeuza mashine, kisha maumivu yote hayo yanapitishwa kwa maneno machache akiwa amevaa kofia ya kujifunika. Ukipiga chafya, historia yake imepita.

Mwongozaji Zack Snyder aliondoka Mei 2017 kwa sababu ya msiba wa binti yake, hapo simlaumu mtu. Akaletwa Joss Whedon, yule yule wa The Avengers, akarekodi vipande vipya. Ndiyo maana unahisi muvi mbili zinagombania usukani: huyu anataka kiza na vilio, yule anataka vichekesho. Na mdomo wa Superman jamani! Henry Cavill alikuwa amefuga sharubu kwa ajili ya Mission: Impossible na hakuruhusiwa kuzinyoa, wakazifuta kwa kompyuta. Tukio la kwanza kabisa, watoto wanamrekodi Superman kwa simu, na mdomo wa juu unacheza kama umetoka kudungwa sindano ya ganzi. Bajeti iliripotiwa kufika dola milioni 300, na huo ndio mdomo tuliopewa.

Kinachoniudhi ni kwamba mazuri yamo. Waamazoni, wanawake wapiganaji wa kwao Wonder Woman, wakipokezana lile sanduku la nguvu (adui anayasaka yote matatu ayaunganishe) juu ya farasi huku Steppenwolf akiwafukuza, hapo sikupepesa macho. Aquaman anafunguka, anakiri hofu zake zote, kumbe amekalia kamba ya ukweli ya Wonder Woman! Hicho kipande ni cha Whedon, mashabiki wa Snyder mnisamehe, nimekipenda. Na lile tukio la Superman kufufuka (alikufa kwenye Batman v Superman): Flash anakimbia, dunia yote imesimama, yeye peke yake ndiye anayetembea kwenye muda huo. Mara jicho la Superman linageuka taratibu, linamfuata. Tazama uso wa Flash hapo. Hamna neno hata moja, na umeshaelewa kwamba amekutana na kitu ambacho hakijawahi kumtokea maishani.

Ya 2021, toleo la Snyder mwenyewe lenye dakika 242, niliitazama nikidhani hasira itapoa, kumbe ndiyo ikapanda. Ndefu kupita kiasi, picha za mwendo wa pole hadi unasinzia, na mwisho inarundika vipande vya kutangaza mwendelezo ambao haukuja. Lakini pambano la mwisho lina akili! Masanduku yanaungana, mlipuko unawafyeka wote, Flash anakimbia mpaka muda unarudi nyuma, Cyborg anaingia ndani ya masanduku kuyatenganisha. Superman yupo, ana nguvu zake, na bado bila hao vijana wawili dunia imekwisha. Sehemu kubwa ya hayo ilikuwa imesharekodiwa zamani. Ilikuwa kabatini!

Sasa wewe unayeitetea ile ya 2017, njoo hapa uniambie Aquaman alikuwa na faida gani kwenye pambano la mwisho. Na kupanda mgongo wa Parademon, askari wa Steppenwolf mwenye mabawa, akashuka naye hadi akatoboa jengo siyo jibu, hiyo niliiona.