Naomba ushauri: darubini ya kukuza mara 60 kwa shabaha ya yadi 1,000

MtangaReading:
Habari zenu ndugu zangu. Ninaishi Reading, Uingereza, na huu ni mwaka wa sita nikishindana katika F-Class, mchezo wa kulenga shabaha ukiwa umelala kifudifudi, bunduki ikiegemea miguu miwili mbele na mfuko wa mchanga nyuma. Bunduki yangu ni .308 ya daraja la F-TR, na uwanja wangu ni Stickledown kule Bisley, ambako tunapiga kuanzia yadi 800 hadi 1,000. Darubini niliyo nayo inakuza mara 5 hadi 25, lenzi yake ya mbele ni ya milimita 56, na kila kliki ya kifundo husogeza lengo robo ya dakika ya pembe (dakika 60 ni digrii moja). Tangu msimu huu uanze, nikiwa yadi 1,000 siuoni tena mstari wa duara la V, lile dogo la katikati kabisa ya shabaha. Naona weusi wenye kingo zilizolainika, na ninapoteza pointi ambazo mwaka jana nisingezipoteza. Ninafikiria kununua ya mara 15 hadi 60 yenye lenzi ya milimita 52. Rafiki aliniazima ya aina hiyohiyo kwa risasi kumi. Nilipoipandisha hadi 60, picha ikawa na giza na ukungu. Je, hiyo ni kasoro ya kioo au ndivyo zilivyo? Nipime nini kabla ya kulipa? Kutoka sifuri yangu, yaani umbali ambao nimeiweka darubini ipige palepale msalaba ulipo, hadi yadi 1,000 ninapandisha dakika 20 tu, kwa hiyo nafasi ya kupandisha si tatizo.

KipangaMaskati:
Salaam aleikum, mzee wangu. Huo ukungu nauita sarabi, na nimepigana nao miaka mingi. Hapa Oman, ikifika saa tatu ya asubuhi mwezi wa Juni, shabaha ya yadi 600 huonekana kama imelazwa chini ya maji yanayotiririka. Nilinunua darubini ya mara 55 kwa gharama iliyoniumiza, nikaishia kuitumia kwenye bunduki ndogo ya .22, kwa sababu ukuzaji haukuzi shabaha peke yake, hukuza na hewa yote iliyo katikati. Hata hivyo sarabi si adui. Ukiivuta fokasi karibu kidogo kuliko shabaha, utaona mawimbi yakikimbilia upande ambao upepo unaelekea. Yakianza kuchemka wima kwenda juu, zuia risasi yako, kwa maana mara nyingi upepo uko mbioni kugeuka. Chukua ya mara 40, itakutosha.

AskariMstaafu:
Mimi nilifundishwa mita 300 kwa kilengeo cha chuma kisicho na kioo chochote, na tulipiga. Nikiwa Arusha nawatazama vijana wakinunua ukuzaji ili wasijifunze upepo. Upepo wa maili 10 kwa saa ukitokea ubavuni unaisogeza risasi ya .308 takriban mita 2 kwenye yadi 1,000. Ukiukosea upepo huo kwa robo tu, umekosa nusu mita, na hakuna kioo kitakachokurudishia hiyo nusu mita. Fedha hizo nunua risasi, ukalale uwanjani kila Jumapili. Kocha wetu alikuwa akituficha karatasi ya matokeo mpaka kila mmoja aseme mwenyewe risasi zake zimeangukia wapi, na anayekosea kusema hurudi kulala chini hata kama alipiga vizuri.

FundiLenzi:
Wazee wangu, mmejibu maswali mazuri, ila si aliyouliza. Nimefanya kazi ya lenzi hapa Toronto kwa muda mrefu, naomba tuanze na hesabu. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, utapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni. Darubini yako ya sasa kwenye 25 inakupa milimita 2.24. Ile ya 52 kwenye 60 inakupa milimita 0.87, ilhali mboni ya jicho mchana huwa wazi milimita 2 hadi 4. Kwa hiyo giza kwenye 60 si kasoro, ni kanuni. Ukungu ndio unaonitia shaka, kwa sababu unausema kwa darubini mbili tofauti. Je, umerekebisha kioo cha nyuma upya kwa jicho lako? Umeondoa paralaksi, yaani kule kuhama kwa msalaba juu ya shabaha jicho likisogea, kwa umbali wenyewe, bila kutegemea namba zilizoandikwa kwenye kifundo? Na la muhimu kuliko yote: mwenzako akitazama kupitia darubini yako ya mara 25, anaona nini?

MtangaReading:
Nashukuru sana. Kioo cha nyuma nimekirekebisha mara tatu, nikitazama anga tupu hadi msalaba ukawa mkali. Paralaksi ninaiondoa kwa kutikisa kichwa taratibu mpaka msalaba uache kutembea juu ya shabaha. Lenzi nimezisafisha. Naomba pia nieleze kwa nini naiona ya mara 60 kuwa chaguo sahihi hata tukiacha suala la kuona. Kliki zake ni za dakika 1/8, yaani inchi 1.3 kwenye yadi 1,000, wakati zangu za robo ni inchi 2.6, na duara la V lina upana wa inchi 5 hivi. Msalaba wake uko kwenye uga wa pili, yaani nyuma ya lenzi za kukuzia, kwa hiyo ninapokuza shabaha nyuzi hazinenepi pamoja nayo. Isitoshe, ina gramu 830 dhidi ya 1,080 za hii ya sasa, na F-TR hairuhusu kuzidi kilo 8.25 pamoja na darubini na miguu. Nimelifikiria jambo hili kwa kina.

MamaZuhura:
Kaka yangu wa Tanga, umeulizwa maswali matatu ukajibu mawili. Mwenzako anaona nini? Naongeza yangu, maana nimefanya kazi kliniki ya macho Mombasa kwa miaka ishirini: una umri gani, na taa za magari usiku zinakutawanyikia?

HesabuHazidanganyi:
Samahani wakuu, mimi nauona uzi huu umetungwa. Mwenye mada anasema anapandisha dakika 20 kufika yadi 1,000 kwa .308. Risasi hiyo ikiwekewa sifuri yadi 100 inataka zaidi ya dakika 30. Mtu wa miaka sita Stickledown hawezi kukosea namba anayoizungusha kila wiki. Ama amenakili habari za mtu mwingine, ama anauza hiyo darubini na hapa anatafuta wateja. Mbona kila akiulizwa habari za macho anarudi kwenye sifa za bidhaa?

AskariMstaafu:
Hata mimi hiyo 20 ilinikwaza, nikanyamaza kwa heshima.

MtangaReading:
Sijatunga, na limeniuma. Sifuri yangu haiko yadi 100. Niliiweka yadi 600 kwenye uwanja wa Century, palepale Bisley, kwa sababu 600 ndiyo mashindano mengi ya klabu yetu. Kutoka hapo hadi 1,000 ni dakika 20, yaani kliki 80, na nimeziandika kwa kalamu kwenye mfuniko wa sanduku la bunduki. Stickledown tunapiga kwa kupokezana. Walio nyuma ya tuta huishusha shabaha kila risasi inapopita, huchomeka kisahani mahali ilipopiga, kisha huipandisha tena, na mwenzako ndiye anayekuandikia pointi. Kwa hiyo ndiyo, mwenzangu ametazama kupitia darubini yangu. Aliniambia mstari wa V unaonekana vizuri.

Mama Zuhura, nina miaka 58. Mwezi wa Machi daktari aliniambia nina mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia, ndilo ninalolengea, na upasuaji umepangwa mwezi wa Septemba. Sikulitaja kwa sababu nilijua mtaacha darubini mtazungumzia jicho. Tena nimeshalipa nusu, pauni 950, kwa kuwa muuzaji alisema imebaki moja. Nilidhani ukuzaji ungenisaidia kumaliza msimu. Na bado nadhani si kosa, maana kliki za 1/8 nitazihitaji hata baada ya upasuaji.

FundiLenzi:
Mzee wangu, pole, na asante kwa kusema. Sasa kila kitu kimekaa sawa. Mwanga wa milimita 2.24 ukipita kwenye lenzi ya jicho yenye ukungu, sehemu yake hupata mahali penye uwazi. Ukiubana hadi 0.87, wote unapita kwenye tundu moja dogo, na tundu hilo likiangukia kwenye ukungu basi picha nzima inachafuka. Ndiyo maana ya mara 60 ilikuonyesha vibaya zaidi. Hoja ya kliki na uga wa pili naikubali bila kigugumizi. Lakini huwezi kupima kioo kwa jicho hilo, wala kukihukumu. Fanya jambo moja: iweke darubini yako juu ya kigoda imara bila bunduki, tazama shabaha ya yadi 1,000 kwa jicho la kushoto, kisha la kulia, utuambie.

MamaZuhura:
Na kabla ya Septemba umweleze daktari mpasuaji kwamba wewe ni mlenga shabaha, kwa maneno hayohayo. Kuna lenzi za kupandikizwa zenye fokasi nyingi ambazo wagonjwa huzipenda kwa kusomea bila miwani, lakini zinapunguza ukali wa weusi dhidi ya weupe, na kazi yako yote ni weusi dhidi ya weupe. Uliza habari ya lenzi ya fokasi moja. Kioo cha nyuma cha darubini utakirekebisha upya jicho likishatulia, usikiguse wiki ya kwanza.

KipangaMaskati:
Ya jicho nimeyasikia, mzee wangu, Mungu akuafu. Sarabi lakini ipo, hata kwa jicho jipya. Baada ya upasuaji, ukifika saa sita mchana usipite 35.

MtangaReading:
Narudi baada ya Jumamosi. Jicho la kushoto, kwenye 25, liliuona mstari wa V na kisahani kilichochomekwa juu yake. La kulia halikuona mstari, nikishusha hadi 15 wala nikipandisha. Nilirudia mara nne kwa kuwa sikutaka kuamini. Muuzaji amekataa kunirudishia fedha, ila amekubali kuniwekea mzigo mpaka Desemba. Mashindano mawili yaliyobaki nitamwandikia mwenzangu pointi, silengi.

HesabuHazidanganyi:
Naomba radhi, mzee. Sikuifikiria sifuri ya yadi 600.

FundiLenzi:
Basi Desemba, kabla hujatoa nusu ya pili, mwombe muuzaji akuruhusu uifunge kwenye kibano kisichotikisika. Weka ubao yadi 100 zilizopimwa kwa utepe, chora mstari wima kwa timazi, uelekeze msalaba kwenye ncha ya juu ya mstari, kisha zungusha kifundo upande wa kupandisha dakika 30. Msalaba lazima ushuke sentimita 79.8 bila kuuacha mstari, na ukirudisha dakika zote 30, urudi pale ulipoanzia. Rudia mara tano. Ikipungua sentimita 2 kila mara, utaweza kuishi nayo kwa hesabu; isiporudi mahali pake hata mara moja, iache dukani pamoja na hizo pauni 950.