Kijana wetu wa kidato cha nne amebadilika: je, nimuulize wazi kama anafikiria kujiua?

Shangazi wa Rau (Moshi)

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima. Ninaishi na mtoto wa marehemu kaka yangu, kijana wa miaka 17, anayesoma shule ya kutwa hapa Moshi mjini. Tangu matokeo ya mtihani wa utamilifu yalipotoka amekuwa mtu mwingine. Usiku halali, chakula anakigusa tu, kwaya ameiacha, na wiki iliyopita alimgawia mdogo wake viatu vyake vya mpira ambavyo zamani hakutaka hata mtu avishike. Lililonitia hofu zaidi ni neno alilolisema jioni moja tukiosha vyombo, kwamba asingekuwepo yeye, mimi ningekuwa nimeshapumzika na gharama. Nilimwambia asiseme hivyo, naye akanyamaza.

Ndugu wengine wanasema ni ujana, utapita. Jirani ananionya kwamba nikimtajia habari ya kujiua nitampandikizia wazo ambalo hakuwa nalo. Shemeji anaogopa kwamba tukimpeleka hospitali jambo litafika polisi. Mwisho wa wiki huwa anapanda Kibosho kwa bibi yake, na huko kuna stoo yenye viuatilifu vya kahawa. Naombeni mwongozo, kwa maana sijui nianzie wapi.

Muuguzi Mstaafu (Moshi)

Pole sana, dada yangu. Muulize, na umuulize leo. Hofu ya jirani yako nimekutana nayo katika miaka yote niliyohudumia wagonjwa wa akili, lakini tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali hazikuona kwamba kumuuliza mtu kuhusu kujiua kunampa wazo hilo. Mara nyingi anayeulizwa hupata nafuu, kwa sababu hatimaye yuko mtu aliyeuona mzigo wake na hakuukimbia. Tafuta wakati mko wawili tu, umwambie ulichokiona, yaani usingizi, viatu na lile neno la jioni, kisha umuulize bila kuzunguka: "Mwanangu, je, unafikiria kujiua?" Ukiuliza kwa namna ya "hufikirii mambo ya kipuuzi, sivyo?", umeshamjulisha jibu unalotaka kulisikia, naye atakupa hilohilo.

Akikubali, usimhubirie wala usimkumbushe fadhila ulizomtendea. Msikilize hadi mwisho. Muulize kama amefikiria njia na wakati, kwa sababu mwenye mpango tayari hapaswi kuachwa peke yake hata kwa saa moja, na anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo. Usimwahidi kuwa utaficha. Mwambie kwamba utawashirikisha wachache tu wanaoweza kumsaidia, na kwamba atawajua kabla hujawaambia.

Kuhusu stoo ya Kibosho, hilo usilisubirishe hata hayo mazungumzo. Viuatilifu vihamishwe au vifungiwe, na ufunguo akae nao mtu mzima mmoja. Dawa za hospitali zilizomo nyumbani kwako nazo zifungiwe. Wako wanaodhani kwamba aliyekusudia atatafuta njia nyingine tu, lakini kilele cha msukumo huo mara nyingi ni kifupi, na anayekosa njia ya karibu katika saa hizo mara nyingi hubaki hai na akapata muda wa kutibiwa. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, hatua kwa hatua, vifo vya kujiua nchini humo vilipungua kwa takriban asilimia 70.

Mzee wa Marangu

Mwanangu, nimesoma kwa uchungu. Ushauri wangu ni kwamba jambo la namna hii lina wenyewe, nao ni ukoo. Baba zake wadogo waitwe, kikao kikae, mchungaji awepo, kijana aelezwe kwamba yeye si yatima maadamu sisi tupo. Vijana wa leo wanalelewa na simu, hawana mtu mzima wa kuwaeleza kwamba mtihani si mwisho wa maisha.

Mwalimu wa Unasihi (Sakina, Arusha)

Shikamoo Mzee. Kwamba kijana anahitaji kuwaona baba zake, hilo ni kweli tupu, na ningependa lifanyike, ila si kwa kikao. Mtoto anayejiona mzigo, akiwekwa katikati ya wazee kumi, ataona ameitwa kuhukumiwa. Atajibu "nimeelewa" na kurudi kwenye ukimya wake akiwa na aibu juu ya huzuni. Afadhali baba mdogo mmoja, yule anayempenda zaidi, aje atembee naye, amuulize habari zake, na arudi tena wiki inayofuata. Mchungaji naye anakaribishwa, maadamu haanzi na dhambi.

Mtihani unaweza kuwa ndio uliolifichua jambo, lakini sababu huwa nyingi zilizofungamana: msiba wa baba, ada, sonona ambayo haijatambuliwa, pengine uonevu shuleni. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo kwa watu wa miaka 15 hadi 29 duniani, kwa hiyo anayesema "ni ujana, utapita" anabahatisha na uhai wa mtu. Zungumza pia na mwalimu anayeaminiwa na kijana, ili asichapwe wala kusemwa hadharani kwa ajili ya alama.

Kwa hofu ya shemeji: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Kuwaza kujiua si kosa, na kumpeleka mtoto mwenye huzuni kwa daktari si kosa. Mimi naona kifungu hicho kinawafanya watu wafiche walipopaswa kupiga kelele. Jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilikitamka cha kwao kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.

Kijana wa Ngarenaro

Shikamoo shangazi. Mimi nilipita hapo nikiwa na miaka 18. Watu walinipa mawaidha mengi, na sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni mama mkubwa aliyehamishia godoro lake chumbani kwangu bila kunieleza sababu, akawa ananiuliza kila asubuhi usiku ulikuwaje, kisha akanisindikiza kliniki kila tarehe niliyopangiwa, hata nilipokuwa simjibu. Tafadhali usikate tamaa akikujibu "niko sawa" mara ya kwanza.

Shangazi wa Rau (Moshi)

Asanteni sana. Nimeshampigia bibi yake, na stoo imefungwa. Leo jioni nitazungumza na kijana. Akikubali kwenda hospitali, tuanzie wapi?

Muuguzi Mstaafu (Moshi)

Nendeni Mawenzi au KCMC, mkaeleze mapokezi kwamba mnahitaji huduma ya afya ya akili. Kwa wasomaji wa Arusha, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mount Meru. Usiku ukizidiwa, nenda moja kwa moja idara ya dharura bila kusubiri asubuhi. Namba 116, ya simu kwa mtoto, hupigwa bila malipo, na yeye kwa miaka yake bado anahudumiwa nayo. Ukitoka hospitali, hakikisha mmeandikiwa tarehe ya kurudi, na mrudi hata kama ataonekana amechangamka, kwa kuwa wiki za mwanzo baada ya kupata nafuu bado zinahitaji jicho la karibu.